Je, Picha Yaweza Kusema Uongo?

Ndugu mmoja wa Mtwara, aliyeingia katika Islam si zamani sana, alinieleza shida yake tulipokuwa tumeketi barazani baada ya sala ya alasiri. Kazi yake ni kuandika na kuchora juu ya kuta za maduka. Hufunga makopo yake ya rangi nyuma ya baiskeli, akaenda mtaa kwa mtaa, na pengine hufika Madimba na Msimbati, hata Kilambo penye kivuko cha Ruvuma. Wenye maduka humwita, naye huandika jina la duka, na pembeni huchora kinachouzwa: mkate, kopo la maziwa, mfuko wa saruji, simu. Kwa kazi hiyo amewalisha watoto wake.

Shida yake ni hii. Katika wiki moja aliitwa na watu watatu. Wa kwanza alitaka achorewe twiga, maana auza saruji. Wa pili, mwenye duka la vipodozi, alitaka mwanamke mweupe wa uso, mwenye nywele ndefu, ameshika kopo la mafuta ya kujichubua. Wa tatu alitaka mlima Kilimanjaro na chupa ya bia mbele yake. Ndugu yetu akaniuliza: "Mimi sisemi neno lo lote. Nachora tu. Je, picha yaweza kusema uongo? Na ikiwa yaweza, dhambi ni ya nani?"

Nilimwomba anipe muda wa kufikiri. Makala haya ni jibu langu kwake, na kwa kila msomaji ambaye swali hili lamhusu. Na sioni ni nani lisiyemhusu, kwani asiyechora ana ukuta, na asiye na ukuta ana macho.

Kabla ya kwenda mbele yafaa tuondoe kikwazo kimoja. Wako watakaosema: "Picha zote ni haramu katika Islam, basi ya nini kuulizana habari ya picha ya kweli na picha ya uongo?" Jibu ni kwamba Islam ilipiga vita ibada ya masanamu, na Nabii Ibrahimu a.s. aliyavunja masanamu kwa kuwa watu wake waliyainamia. Lakini Kurani Tukufu yenyewe yasimulia kwamba miongoni mwa vitu alivyotengenezewa Nabii Suleiman a.s. yalikuwamo masanamu, wala haimlaumu kwa hayo. Kwa hiyo ubaya haumo katika mistari na rangi, bali katika jambo linalotumikiwa na mistari na rangi hiyo. Kisu ni kile kile mkononi mwa mpishi na mkononi mwa mwizi. Tunabaki basi na swali lenyewe: picha ya biashara yatumikia nini?

Tuanze na iliyo nyepesi kuliko zote tatu, yaani twiga. Kwa miaka mingi, kabla kiwanda cha Dangote hakijaanza kazi karibu na Mtwara mwaka 2015, saruji ya kujengea huku kusini ilitoka mbali, na mifuko yake ilijulikana kwa wanyama: Twiga ya Wazo, Dar es Salaam, Simba ya Tanga, Tembo ya Mbeya. Mzee asiyejua hata herufi moja aliweza kumtuma mjukuu wake dukani akasema, "Niletee ya twiga," na mjukuu akaleta ile ile. Picha ilifanya kazi ya jina. Hata mtoni Ruvuma, ambako Wamakonde wanaishi ng'ambo zote mbili, na serikali ya upande mmoja huandika kwa Kiswahili na ya upande wa pili kwa Kireno, alama huvuka maji bila kuhitaji mkalimani. Kampuni ya simu ya Vodacom inafanya kazi Tanzania na Msumbiji pia, na rangi yake nyekundu yasomwa sawasawa ukutani huku na huko.

Je, twiga juu ya mfuko wa saruji ni uongo? Ndani ya mfuko hamna twiga. Walakini hakuna mnunuzi anayefungua mfuko akamtafuta mnyama. Muuzaji ajua kwamba mnunuzi ajua. Akichorewa simba, mnunuzi huelewa kwamba anaambiwa habari ya nguvu. Na nguvu hiyo ataipima mwenyewe, kwani ukuta wake utasimama au utapasuka. Zaidi ya hayo, alama ya namna hii humfunga mwenye mali. Watu wa pwani walilijua jambo hili katika kanga. Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, aliyejulikana kwa jina la Abdulla, ambaye biashara yake ilianza mwaka 1887, alitia katika kanga zake maneno "Mali ya Abdulla". Maana yake ni kwamba rangi ikichujuka katika maji ya kwanza, mnunuzi aujua mlango wa kubisha.

Wahenga walisema: Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Wengine huifahamu methali hii kana kwamba yakataza kila tangazo. Sivyo. Hata chema hakijiuzi mpaka kijulikane, na hakijulikani mpaka kiwe na alama. Methali yaonya juu ya kitu ambacho hakina sifa nyingine ila kule kutembezwa kwake.

Sasa tuje kwenye picha ya pili. Kwanza nakumbusha kisa kinachojulikana katika Hadithi. Mtume Muhammad s.a.w. alipita sokoni akakuta fungu la nafaka. Akatia mkono wake ndani, na vidole vyake vikakuta unyevu. Alipomwuliza mwenye mali, alijibu kwamba mvua ilikuwa imeinyeshea. Mtume s.a.w. akamwuliza kwa nini basi hakuiweka juu ile iliyoloa ili watu waione; kisha akaeleza kwamba mwenye kudanganya watu hahesabiwi kuwa mfuasi wake.

Tukitazame kisa hiki kwa makini. Mtu yule hakusema neno. Hakuapa. Hakumwita mnunuzi kwa maneno matamu. Tena nafaka iliyokuwa juu ilikuwa kavu kweli kweli. Hakuna punje hata moja iliyosema uongo. Uongo ulikuwa katika mpango, yaani nini kiwe juu na nini kiwe chini. Fungu lile lilikuwa picha, na picha ile ililaumiwa kama vile ulimi unavyolaumiwa.

Mkulima wa korosho wa Newala au Tandahimba hahitaji kufafanuliwa jambo hili. Ajua kwamba gunia lawezekana kuwa na korosho nzuri mdomoni na mbovu tumboni. Ndiyo maana ghalani gunia halihukumiwi kwa kutazamwa juu tu: sampuli hutolewa ndani, na korosho hukatwa ionekane kiini chake. Basi tuulize: nani akataye picha katikati tuone kiini chake?

Mwanamke wa kwenye tangazo la mafuta ya kujichubua ni fungu lile lile la nafaka. Yeye ni mtu wa kweli. Weupe wake ni wa kweli, pengine wa kuzaliwa nao, pengine wa taa na ufundi wa mpiga picha. Kopo ni la kweli. Lakini wamewekwa pamoja, na macho ya mtazamaji yametia maneno "kwa sababu" katikati yao. Hakuna aliyeandika kwamba mwanamke huyu ni mzuri kwa sababu ya kopo hili, walakini kila apitaye amesoma hivyo. Tena amesoma sentensi ya pili iliyo mbaya kuliko ya kwanza: kwamba uso aliozaliwa nao yeye mtazamaji, uso wa mama yake na wa bibi yake, ni kasoro itakayo dawa. Msichana apitaye mbele ya ukuta huo mara nne kwa siku, akienda kisimani na shuleni, hakuambiwa na mtu ye yote kwamba yeye ni mbaya. Amehitimisha mwenyewe, na jambo ambalo mtu amelihitimisha mwenyewe ni gumu kung'oka kuliko lile aliloambiwa na mwenzake, kwani la kuambiwa aweza kulikataa mbele ya msemaji, lakini hili msemaji wake haonekani.

Na chini ya fungu hili kuna unyevu gani? Mafuta na sabuni nyingi za kujichubua zimekutwa na zebaki au haidrokwinoni. Zebaki hupenya ngozi na kuumiza mafigo. Nchini Tanzania vipodozi vyenye viungo hivyo vimepigwa marufuku, na Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi ya mwaka 2003 ilitungwa ili mambo ya namna hiyo yasimamiwe. Hata hivyo huingizwa kwa njia za panya, na wengine hujichanganyia wenyewe nyumbani ule uitwao mkorogo. Mambo hayo hayachorwi ukutani. Yako chini ya fungu.

Basi nampa ndugu mchoraji kipimo cha kwanza. Geuza picha iwe sentensi. Fikiri kwamba mahali pa picha utaandika kwa herufi kubwa jambo lile ambalo mwenye duka ataka watu waliamini. Kisha jiulize kama mwenye duka huyo angekubali kutia sahihi chini yake. "Hapa pauzwa saruji ya twiga": atatia sahihi pasipo kusita, na juu ya simba wa mwenzake angeweza kutia pia kwamba saruji ina nguvu. "Mafuta haya yatakufanya uwe kama mwanamke huyu, wala hayatakudhuru": hatatia. Amechagua picha kwa kuwa haitii sahihi. Hapo ndipo tofauti ya simba na mwanamke mweupe ilipo. Picha zote mbili zimeweka kitu kando ya kitu. Lakini ya kwanza yataka ufahamu mfano, na ya pili yataka uamini jambo ambalo mwenye kuliweka hathubutu kulitamka.

Mtu aweza kusema kwamba sheria yatosha. Kweli sheria ipo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 yakataza mwenendo wa kuwapotosha wanunuzi. Lakini hakimu hungoja mlalamikaji, naye mlalamikaji hana budi kuonyesha alichoambiwa. Msichana wetu ataonyesha nini? Kwa hiyo kazi hii haina budi kuanzia kwa yule aliyeshika brashi.

Picha ya tatu, yaani ya mlima na chupa, ni ngumu zaidi, na ili tuielewe yatupasa tufikiri kwanza juu ya neno moja la lugha yetu. Neno hilo ni nembo. Leo tunaposema nembo twafikiria alama ya kampuni au ya taifa. Lakini zamani nembo zilikuwa chale za usoni na mwilini zilizoonyesha kabila la mtu. Katika nyanda za Makonde, juu ya bonde la Ruvuma, Wamakonde waliziita dinembo, na wanawake walivaa ndonya katika mdomo wa juu. Islam haifundishi kuukata mwili, na vijana wa leo wameiacha desturi hiyo. Sisemi kwamba wairudie. Nasema tu tuitazame maana yake. Nembo ile ilipatikana kwa maumivu, nayo ilishuhudia jambo la kweli juu ya aliyeichukua: huyu ni wetu, na sisi ni wake. Ushahidi ulikuwa katika mwili wa shahidi mwenyewe, wala hakuna aliyeweza kuukodi.

Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule alizunguka nyanda hizo mpaka Newala akiwa na kamera, na mashine ya sinema, na mashine ya kunasa sauti. Picha alizopiga zikaenda Ulaya, na mwaka 1908 akatoa kitabu cha safari yake. Hapo nembo za wazee wetu zikaanza maisha ya pili. Usoni kwa mwenyewe zilisema, "Mimi ni wa mahali fulani na wa watu fulani." Katika ukurasa wa kitabu mbele ya msomaji wa mbali, zilikuwa rahisi kusomwa kwamba, "Hapa ni nchi ya ajabu." Uso haukubadilika hata kidogo, lakini aliyesema kwa uso huo alikuwa mtu mwingine.

Siwalaumu wachongaji. Mmakonde achongaye uso wa bibi yake katika mpingo, pamoja na ndonya yake, asema habari ya nyumbani kwao kwa kinywa chake, na mkate alao kwa kazi hiyo ni halali. Ila yuko mwingine ambaye huchukua mti mweupe, akaupaka dawa ya viatu mpaka uwe mweusi, akamwuzia mgeni kuwa ni mpingo. Huyo amerudi kwenye fungu la nafaka.

Kisa kilicho wazi kuliko vyote juu ya jambo hili kilitokea kwa jirani zetu wa Kenya. Mwishoni mwa miaka ya 1980 kampuni ya viatu ya Marekani, Nike, ilipiga filamu ya tangazo kati ya Wasamburu. Mwishoni mwa tangazo Msamburu mmoja asema maneno kwa lugha yake, na chini yake yaonekana maandishi ya kaulimbiu ya kampuni, kana kwamba ndiyo tafsiri ya maneno yake. Mwaka 1989 Lee Cronk, Mmarekani mtaalamu wa mila za watu aliyeijua lugha ya Kimaa, alieleza mtu yule alikuwa amesema nini. Alikuwa amesema kwamba viatu vile havitaki, apewe vikubwa. Mtu alalamika kwamba viatu havimtoshi, na ulimwengu waambiwa kwamba avisifu! Kila kilichoonekana katika picha kilikuwa kweli: mtu kweli, nchi kweli, sauti yake kweli. Kilichoibwa ni ushahidi wake.

Kutokana na kisa hiki nampa ndugu yetu kipimo cha pili. Tazama ni sura ya nani iliyowekwa kando ya bidhaa, kisha uliza: Mwenye sura hii amejua? Amekubali? Na akielezwa kwa lugha yake maana ya picha hii, atasema, "Ndiyo, ndivyo nilivyosema"? Wamaasai wa Kenya na Tanzania, ambao sura yao na mashuka yao hutumiwa na makampuni ya nchi nyingi, wameanza kudai waombwe idhini na walipwe. Wana haki. Tena sisi wa kusini tuna dai letu la namna nyingine. Mgeni aliyeko mbali akionyeshwa picha ya Mtanzania, mara nyingi ataonyeshwa Mmaasai chini ya mlima. Mvuvi wa Msimbati atiaye ngalawa yake kati ya mikoko ya mlango wa Ruvuma haonekani. Na korosho zetu, ambazo kwa sehemu kubwa zimekuwa zikisafirishwa ghafi mpaka India na Vietnam zibanguliwe huko, humfikia mlaji katika pakiti ambazo mara nyingi hazimwambii habari ya Newala wala Tandahimba. Kumwondoa mtu katika picha ya kazi yake mwenyewe nako ni kusema jambo juu yake.

Sasa mlima. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda aliupandisha mwenge na bendera kwenye kilele cha Kilimanjaro. Katika Nembo ya Taifa, ile ambayo watu huiita bibi na bwana, wawili hao wamesimama juu ya mlima huo. Basi mlima huu ni nembo yetu kwa maana ile ya zamani: wasema kwamba sisi ni wa mahali pamoja. Na mlima huo huo umekuwa jina na picha ya bia, na bia hiyo kwa miaka kadhaa katika muongo wa 2010 ilikuwa mdhamini wa timu ya taifa ya mpira.

Je, hapa pana uongo? Mlima upo, na bia haikufichwa. Tutumie kipimo cha kwanza, tugeuze picha iwe sentensi: "Kunywa bia hii ni kuipenda nchi yako." Sidhani kama yuko mtu ambaye angeandika hivyo na kutia sahihi, maana mamilioni ya Watanzania, Waislamu na Wakristo wengi pia, hawanywi, na hakuna awezaye kuwaambia kwamba wamepungukiwa na uzalendo. Walakini kijana wa miaka 16 atazamaye mlima, na jezi ya taifa, na chupa, vyote mahali pamoja, ataandika sentensi hiyo moyoni mwake pasipo kujua kwamba ameiandika. Tutumie na kipimo cha pili: mwenye mlima ni nani? Ni sisi sote, na katika sisi wengi hawakuulizwa. Bia imeazima heshima ambayo haikuichuma.

Mwislamu hahitaji hoja hii ili aache kuchora chupa ya bia, maana mafundisho ya Mtume s.a.w. juu ya ulevi hayamlaumu mnywaji peke yake, bali pia atengenezaye, abebaye na auzaye. Lakini nimetaka ndugu yetu aone kwamba hata mtu asiye wa dini yetu ana sababu ya kuuliza swali lile lile juu ya mlima wake.

Yako majibu mawili ambayo watu hutoa, nami sitaki kuyapita. La kwanza ni hili: "Watu si watoto, kila mtu ajua kwamba matangazo hutia chumvi." Nakubali kwamba si kila chumvi ni uongo. Mwenye hoteli akichorewa sahani iliyojaa kuliko sahani yake, mteja hutabasamu, huketi, na hula. Lakini kama kweli hakuna aaminiye, mbona makampuni hutumia fedha nyingi hivyo kwa picha? Wanalipa kwa kuwa wanajua kwamba mtu aweza kujua kwa akili kuwa jambo si kweli, na bado, kwa kuliona kila siku, moyo wake ukalizoea kama kweli.

Jibu la pili ni lile la ndugu yetu mwenyewe: "Mimi ni mkono tu." Hapa sina budi kusema kweli. Sehemu zao si sawa. Kubwa ni ya kampuni iliyobuni picha na kujua yaliyomo ndani ya kopo. Ya pili ni ya mwenye duka apataye faida. Ya mchoraji ni ndogo, na kama hakujua, ni ndogo zaidi. Lakini aliyeuliza swali hawezi tena kusema kwamba hakujua. Mchukuzi hubeba mzigo uliofungwa. Mchoraji ndiye aufungaye. Yeye ndiye atiaye wangavu katika shavu la mwanamke yule ili msichana apitaye asimame.

Na mtazamaji je? Naye ana sehemu yake. Mwanamke wa Mikindani akienda kununua kanga hatazami maua na rangi peke yake; husoma jina lake kwanza, maana ajua kwamba atakapoivaa, kanga itasema kwa niaba yake, na majirani watasikia. Hanunui maneno asiyoyataka. Laiti uangalifu huo tungekuwa nao katika vitu vingine! Mwenye duka huambiwa, "Tutakupakia rangi bure," naye hufurahi, hajiulizi ukuta wake utakuwa unasema nini usiku na mchana mbele ya watoto wa mtaa. Kijana hupewa fulana na kofia za bure, akavaa kifuani nembo ambayo maana yake hakuisoma. Wazee wetu walilipa kwa damu ili wabebe nembo iliyo yao. Sisi twabeba ya mtu mwingine kwa kuwa haina bei.

Basi, ndugu yangu, jibu langu ni hili. Picha yaweza kusema uongo, hata kama kila kilichomo ni kweli, kwani uongo huweza kukaa katika kule kuwekwa pamoja. Mchore twiga, umchore vizuri. Usimchore mwanamke yule. Usiuchore mlima kando ya chupa. Na ukichora kitu kingine cho chote, kigeuze kwanza kiwe sentensi, na utafute mwenye sura.

Najua kwamba jibu hili lina gharama, na mwenye kulilipa si mimi niandikaye. Tangazo la vipodozi lilikuwa na malipo mazuri kuliko mfuko wa saruji, na bia ilikuwa na mazuri zaidi. Sitamwambia ndugu huyu kwamba fedha aliyoiacha itamrudia kesho yake asubuhi. Nilipopita huko baadaye, twiga alikuwa amekamilika, na shingo yake imefika karibu na bati. Ukuta wa duka la vipodozi ulikuwa umechorwa pia, na mtu mwingine. Kwa hiyo msichana wetu angali akipita mbele ya picha ile, na watoto wa mchoraji walikula kidogo mwezi ule.

Hapo neno langu la mwisho si kwake, bali kwetu sisi tuliokwisha kukaa katika dini miaka mingi. Ni rahisi kumwambia ndugu mpya, "Kazi hii iache," tukaenda zetu tukiwa tumeridhika. Lakini sisi tuna maduka, tuna ghala, tuna shule za watoto, tuna vyombo vya baharini ambavyo majina yake yamefutika kwa chumvi. Anayejua mahali penye ukuta mtupu kati ya Mikindani na Msimbati, na ampelekee mchoraji huyu habari. Aandike jina la mwenye mali, na kitu kinachouzwa, na bei yake ya haki.